Darubini ya Kaka

Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu, na hata ile darubini ya bunduki hakuiomba. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilisimama uani kwake Ntalikwa nikamwambia wazi: ama tunafunga darubini juu ya ile bunduki, ama mimi mwenyewe naenda kituo cha polisi kusema kwamba macho yake hayafai tena kumiliki silaha. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe, ndipo akasema, "Sawa, mdogo wangu. Twende tukaitafute."

Ningependa kusema nilifurahi, lakini nilikasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa siku mbili, na mtu mbishi kama yeye akikubali haraka namna ile unahisi kuna jambo limekupita pembeni.

Mimi ni mtu wa reli. Nilianza nikiwa gadi, nikastaafu nikiwa dereva, na sisi wa reli macho yetu yalipimwa kila mwaka, upende usipende. Ukishindwa kutofautisha taa nyekundu na kijani unarudishwa karakana kusukuma toroli. Kaka hakuwahi kupimwa macho hata siku moja. Alirithi bunduki ya marehemu baba, kibali kikaandikwa jina lake, na kila msimu alilipia leseni ya wanyama wawili au watatu. Tuliingia msituni pamoja: yeye mbele na bunduki, mimi nyuma na maji, kisu na maneno mengi. Ndivyo tulivyoishi tangu baba afariki, na yeye ndiye aliyenilea. Kumnyang'anya bunduki kulikuwa sawa na kumvua suruali mbele ya wakwe.

Lakini mwaka uliotangulia alikaribia kuua mtu.

Ilikuwa baada ya mvua za kwanza, saa nne asubuhi, jua limeshatoka na ardhi inafuka mvuke. Tulikuwa tunafuata nyayo za pongo. Kaka akasimama, akainua bunduki, akatulia. Nilitazama alikoelekeza mtutu nikaona kitu cha kahawia kimeinama kwenye nyasi, na mimi pia, Mungu anisamehe, kwa dakika ile nilidhani ni mnyama. Kisha nikaona beseni la bluu. Pongo hana beseni. Niliusukuma mtutu juu kwa kiganja changu na risasi ikapasua matawi juu. Kile kitu cha kahawia kikainuka kikawa mama mtu mzima mwenye kitenge, mkono mmoja umejaa uyoga.

"Ni nyani?" akauliza kwa sauti.

"Ni nyani, mama," nikamjibu. "Tumewafukuza."

Akatushukuru. Alisema nyani wamewasumbua sana mwaka ule, akainama tena kuchuma uyoga wake. Kaka alikaa chini, akatazama mikono yake, akasema, "Kumbe." Neno hilo tu. Hatukumsimulia mtu, wala wake zetu, na kwa miezi mingi nilimwona yule mama kila nilipofumba macho.

Ndiyo maana siku ile tulikwenda mjini, mtaa wa Mtendeni. Kulikuwa na mzee mmoja pale, wa familia za Kiarabu zilizofika na misafara enzi hizo na zikabaki. Babu zake waliuza vitambaa. Yeye aliuza viatu vya msituni, tochi, visu, mahema, na darubini zilizotumika ambazo wawindaji wa kigeni waliziacha wakati wa kurudi kwao. Alitukaribisha kwa salamu ndefu ya dini. Kaka akabaki ananitazama mpaka mimi nilipoitikia. Hapo na yeye akaitikia haraka haraka.

Niliona haya. Mtaani walikuwa wameshaanza kusema kwamba kaka ana maringo siku hizi, kwamba unamwamkia ana kwa ana na yeye anakupita kama mti. Sisi watu wa Tabora unaweza kutukopa, unaweza kutudanganya, lakini usipoitikia salamu yetu tutakusema mpaka matangani kwako. Nilimtetea kwa watu huku moyoni nikiamini ni kweli, kwamba uzee umempa kiburi.

Mzee alileta bati la biskuti. Ndani mlikuwa na darubini tatu, kila moja imeviringishwa kipande cha kanga. Akazitoa moja moja na kuzielekeza kwenye mwanga wa mlango kabla ya kutupa sisi.

Ya kwanza aliikataa mwenyewe. Ukungu ulikuwa umeota ndani ya kioo, nyuzi nyembamba kama za buibui. "Hii nitamuuzia nisiyempenda," alisema, akairudisha.

Ya pili ilikuwa nzito, fupi, haina mambo mengi. Inakuza mara nne, basi. Niliipenda palepale. Misitu yetu ya miyombo imefungana. Mtu hapigi mbali, hatua sitini, themanini, mia ikizidi. Unachohitaji ni kioo kinachoonyesha sehemu pana, ili umwone mnyama mzima na kilicho pembeni yake. Ukikuza sana unaona kipande cha ngozi tu, hujui ni bega au ni paja, wala hujui nani amesimama jirani. Hayo yote nilimweleza kaka kwa sauti ya mtu aliyewahi kufundisha madereva wapya. Mzee akatingisha kichwa kukubali. Alituonyesha pia jinsi ya kuacha nafasi ya vidole vinne kati ya jicho na kioo, kwa sababu bunduki ikirudi nyuma inakuchana nyusi.

Ya tatu ilikuwa na pete. Ukiizungusha, picha inasogea kutoka mara tatu mpaka mara tisa. Mzee aliilaza juu ya gunia la mchele wa Igunga lililokuwa barazani, kaka akachuchumaa nyuma yake, akaitazamisha mtaani kule mwisho ambako lori lilikuwa linashusha saruji.

Alikaa pale muda mrefu mno. Alizungusha pete mbele, akairudisha, akaizungusha tena. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilipoinama nikasikia anahesabu.

"Unahesabu nini?"

"Watu."

Nilitazama mwisho wa mtaa. Kulikuwa na makuli wawili na mbuzi mmoja. Kaka alikuwa amefika tisa.

"Mzee," akasema bila kutoa jicho kwenye kioo, "mtu akiwa kule, nikizungusha hii, ni lazima awe mkubwa?"

"Lazima," mzee akajibu. "Hata awe nani."

"Hakuna anayebaki vile vile?"

Mzee alinitazama mimi badala yake. Alikuwa na uso wa mtu aliyesikia swali hilo na hakulipenda. Akavuta kofia yake mbele kidogo, akasema polepole, "Kama ni mtu, atakua."

Kaka akasimama akapangusa magoti. Alikuwa anatabasamu, na sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomwona akitabasamu. Akasema anataka hiyo. Nilibisha mpaka mate yakaniisha. Nilimwambia pete ni kitu cha kuharibika, nikamwambia ni pambo, nikamwambia anapenda vitu vya wazungu. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akarudia kwamba anataka hiyo. Mzee alipokuwa akiifunga kwenye karatasi alikwepa kumtazama kaka, na tulipotoka alifunga nusu ya mlango wa duka, mchana kweupe.

Darubini ikishafungwa juu ya bunduki lazima ulinganishwe ule msalaba wa kulengea ndani ya kioo na mtutu, vinginevyo unalenga hapa risasi inakwenda kule. Kwa kazi hiyo unahitaji hatua mia za uwazi. Nyuma ya mashamba ya Ntalikwa sehemu ya namna hiyo ni moja tu, ile tunayoiita njia ya zamani. Hakuna kibao wala alama. Ni ukanda wa ardhi iliyoshindiliwa, mahindi yanadumaa hapo na jembe linadunda. Misafara ya kwenda Ujiji, kule magharibi, ilipita hapo, na bibi yetu alikuwa akitusimulia tukipalilia kwamba mpagazi aliyeshindwa kutembea aliachwa hapo hapo na mzigo wake akapewa mwingine. Mwishoni kuna kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi. Nilibandika karatasi ya kalenda juu yake, nikarudi nikihesabu hatua.

Kaka alilala kifudifudi nyuma ya bunduki. Hakupiga.

"Vipi?"

"Ngoja wapite."

Niligeuka. Njia ilikuwa tupu kabisa. Jua la saa sita, hakuna hata kuku.

"Wapite akina nani?"

Alikuwa ameondoa kidole kwenye kifyatulio na anazungusha pete taratibu, kichwa chake kikisogea kidogo kidogo kutoka mashariki kwenda magharibi. Nimesimama kwenye vivuko vya reli maisha yangu yote, najua sura ya mtu anayesubiri behewa la mwisho lipite. Alikuwa na sura hiyo hasa. Nilitaka kumfokea, lakini nikajikuta nimesogea nje ya ule ukanda bila mtu kuniambia. Baada ya muda akasema, "Haya," akapiga mara tatu. Tulipokwenda kutazama, matundu yote matatu yangefunikwa na kifuniko cha chupa ya soda.

Yalinipa moyo matundu yale. Nilijiambia macho si mabovu kumbe, ni suala la vifaa. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, na nilijiambia kwa sauti kubwa.

Wiki mbili baadaye tuliingia msituni na leseni ya kongoni. Tulimkuta saa mbili asubuhi, dume, amesimama ubavu kwenye uwazi mdogo, hatua kama tisini. Upepo ulitoka kwake kuja kwetu. Kwa mwindaji hiyo ni zawadi. Kaka aliegemeza bunduki kwenye panda ya mti, akavuta pumzi, akaiachia nusu. Nilikuwa nimeshaziba masikio na kufumba macho.

Mlio haukuja. Nilipofungua macho niliona mkono wake wa kushoto uko kwenye pete. Anaizungusha mbele, anairudisha, mbele tena.

"Piga," nikamnong'oneza.

"Anakua."

"Nani anakua?"

"Yule nyuma ya kongoni. Anakua, mdogo wangu. Ni mtu."

Sikuona mtu yeyote. Alifunga usalama wa bunduki, akanipa. Nilitazama kwenye kioo. Bega la kongoni likajaa lote, na nyuma yake shina la mninga, na lile shina lilikuwa na mkono. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa mrina asali, amejifunga gunia mwili mzima kwa ajili ya nyuki, amechuchumaa chini ya mzinga wake wa gome anafunga majani ya kufukizia moshi. Rangi yake na ya mti ilikuwa moja. Risasi ya bunduki ile inatoboa kongoni na kuendelea na safari. Yule mtu akakohoa, kongoni akaruka, akatoweka.

Mrina asali alitukuta tumekaa chini. Alikuwa mtu wa Ulyankulu, wa wale ambao wazazi wao walitoka Burundi, rozari imening'inia juu ya gunia. Akatuamkia kwa heshima, "Shikamooni." Kaka akanitazama mimi. Nikaitikia, na yeye akaitikia. Yule mtu hakujua lolote. Alituuliza kama tumeona moto wa kichaa upande wa mto, akatupa kipande cha sega, akarudi kwenye mti wake.

Nilipohakikisha amefika mbali nikamuuliza kaka, "Anakua maana yake nini?"

Alitafuna nta muda mrefu, akaitema. Kisha akanieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeeleza habari za shamba.

"Mara ya kwanza nilikuwa napalilia. Wakapita watu kama kumi na wawili, kwa mstari, wana mizigo kichwani. Nguo safi kabisa. Nikadhani wanakwenda msibani. Nikawaamkia. Hawakuitikia hata mmoja."

"Ukawajua?"

"Simjui hata mmoja. Walikuja tena kesho yake. Siku hizi wapo kila siku, barabarani, sokoni, mpaka uani kwangu. Wengine wamesimama tu. Mtu akiniamkia nakutazama wewe kwanza. Ukiitikia, najua yupo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema nimerogwa, au ungesema nimechanganyikiwa. Ungechagua moja."

Hapo alinipata. Ningechagua moja.

"Ile pete ndiyo imenisaidia," akaendelea. "Nikizungusha, mtu wa kweli anakuwa mkubwa. Wao wanabaki vile vile. Ile uliyoitaka wewe isingenionyesha."

"Sasa hivi wapo?"

"Wawili pale kwenye kichaka. Mmoja nyuma yako."

Sikugeuka. Mimi niliyekuwa nikicheka mizimu mbele za watu sikugeuka, na shingo iliniwasha mpaka tulipoondoka mahali pale. Lakini lilikuwepo swali lililoniuma kuliko hofu hiyo, na nililiuliza nikiwa natazama chini.

"Na yule mama wa uyoga? Hukumwona?"

"Nilimwona," kaka akasema. "Nilimwona vizuri. Kitenge chake, beseni lake, kila kitu. Nilikuwa nimechoka, mdogo wangu. Huwezi kujua ninavyochoka. Nikasema leo nitampiga mmoja, nione."

Akafinyanga kipande cha nta vidoleni.

"Uliposukuma mtutu ndipo nilipojua kwamba na wewe unamwona."

Nilivuta bolti nikazitoa risasi zote, nikazitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, nikajichukia. Mwaka mzima nilikuwa nimelaumu macho, na kumbe siku ile macho yake yalifanya kazi kuliko yangu. Nilimnunulia kioo ili aone vizuri mtu ambaye alikuwa amemwona vizuri na kumlenga. Nilibeba bunduki mimi kurudi nyumbani. Hakuomba kuibeba.

Hospitalini waligundua presha ya macho. Daktari, binti mdogo mwenye subira, alisema imekula pembeni kote, imeacha tundu la katikati tu, ndiyo maana anapiga shabaha lakini anajikwaa kwenye ndoo. Kilichokufa hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki. Kuhusu wale watu alisema si uchawi wala wazimu. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni unatengeneza za kwake, na wagonjwa wengi huona hivyo ila wanaficha. Kaka alimsikiliza kwa adabu zote. Kisha akamuuliza kwa nini basi wanakwenda magharibi siku zote, wote, upande mmoja. Binti akaandika kitu kwenye kadi yake.

Darubini tuliifungua kwa bisibisi kabla ya kusalimisha bunduki. Alibaki nayo, na hadi leo anakaa nayo kwenye kigoda mlangoni. Ukija kwake anakutazama kwanza, anazungusha pete, ndipo anakuitikia. Majirani wanamcheka na wamemsamehe, kwa sababu sasa salamu zao zinaitikiwa.

Kituoni tulikwenda asubuhi, bunduki imefungwa kwenye shuka. Askari wa zamu alikuwa mtaratibu. Alikagua namba, akalinganisha na kibali, akamuuliza kaka sababu ya kusalimisha silaha. Kaka akasema mwenyewe, bila mimi kumsaidia, kwamba haaminiki nayo. Nilitazama pembeni maana machozi yalikuwa yananijia, mtu mzima mimi. Chumba kilikuwa na benchi refu tupu ukutani. Askari aliinama akaendelea kuandika kwenye kitabu chake.

"Mmekuja wangapi?" akauliza.

Kaka alitazama kushoto kwake. Akatazama lile benchi, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akangoja.

"Wawili," nikasema.

"Andika wawili," kaka akamwambia askari.